Nani Hapa Anajua Kiorma?

Jumanne. Garsen jua lilikuwa kali tangu saa mbili asubuhi, na mimi nina hasira tangu saa tano. Kwa hiyo msinitafutie adabu hapa.

Mama anatokwa na damu. Hedhi yake ilikoma nikiwa bado shule ya msingi, na sasa damu imerudi, huu ni mwezi wa tatu mfululizo. Hakuniambia mimi. Alimwambia dada yangu aliyeolewa Hola, naye akanipigia simu na kunieleza kwa sauti ya chini. Kwetu Waorma mambo ya mwili wa mama hayaingii masikioni mwa mwanawe wa kiume. Nikajifanya najua tu kwamba hajisikii vizuri, nikamtoa nyumbani Minjila kwa bodaboda hadi hospitalini.

Kiswahili cha mama hakivuki salamu. Nilimweleza daktari mlangoni, kwa heshima zote, kwamba kuna nesi wa kike anayejua Kiorma, yuko wodi ya wazazi, na sisi tuko tayari kumngoja.

"Hapa si hotelini uchague wa kukuhudumia," akasema.

Ukutani nyuma yake kuna bango la haki za wagonjwa. Amepigilia msumari juu yake na kutundika koti, bango lote limefunikwa.

Kisha akausukuma mlango ukawa wazi kabisa, akapaza sauti kuelekea kwenye benchi: "Nani hapa anajua Kiorma?"

Akainuka Mama Buya, jirani yetu. Si mtu mbaya, lakini habari ikimfikia asubuhi, jioni imeshafika hadi kijiji cha Wenje.

Mlango haukufungwa. Benchi zima likatega masikio. Daktari anauliza kwa kelele, macho kwenye simu yake. Mama Buya anatafsiri kwa kelele zaidi. Mama anaumwa wapi? Tangu lini?

Mama yangu akajibu kwamba anaumwa kichwa.

Kichwa! Akaandikiwa dawa za maumivu. Hakupimwa hata presha.

Na mimi nilikuwa pale nje, hatua mbili tu. Nilijua. Nikanyamaza.

Namchukia yule bwana na sitaki kuficha. Lakini yeye aliandika alichoambiwa. Mimi niliujua ukweli, nikaumeza kwa sababu ya aibu.

Nilimrudia. Nikamwambia mama hawezi kusema siri zake mbele ya jirani, mlango ukiwa wazi.

"Mgonjwa amesema kichwa, nimeandika kichwa," akanijibu. "Kama kuna lingine, si ungeingia utafsiri wewe? Si ni mama yako?"

Akaita anayefuata. Nilitamani kumrushia usoni ile kadi aliyoandikia dawa. Miaka yote aliyosomea udaktari, hakuna aliyemfundisha kufunga mlango?

Tulipofika nyumbani nilijikaza nikamuuliza mama mbona hakumwambia daktari.

"Nimwambie nani?" akasema. "Mama Buya?"

Aliposhuka kwenye pikipiki niliona doa nyuma ya dera lake. Nikatazama kando, kama mtoto mwenye adabu zake. Adabu hiyo ndiyo inayonitia kichefuchefu sasa hivi. Yule daktari ana dharau, mimi nina heshima, na kati yetu sisi wawili mama hakupata hata mtu mmoja wa kumtibu.

Barua ya malalamiko kwa mkuu wa hospitali nimeshaiandika, jina langu liko chini yake. Kesho asubuhi tunarudi. Nesi akiwepo, nitashukuru na kukaa nje. Asipokuwepo, nitaingia na mama, nitaufunga ule mlango kwa mkono wangu, nitageukia ukutani, na neno damu nitalitamka mimi.

Mama atanikasirikia, pengine asiseme nami hadi Ramadhani.

Akasirike. Ila awe hai.