Nambari Niliyosema Ninayo

Alhamisi. Ukungu wa Kibugu haujaondoka tangu asubuhi, na leo sijapata nguvu hata ya kuosha lori.

Nimemdanganya mjane. Naandika hapa mtandaoni kwa sababu humu hakuna anayeijua sura yangu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nateremka na majani chai kuelekea kiwandani. Gari dogo jeupe likanipita kwenye kona, likamgonga Baba Wawira aliyekuwa akitembea kando ya barabara na kikapu chake mgongoni. Halikusimama. Nilimlaza juu ya magunia ya majani nikamkimbiza hospitali ya Embu. Alikata roho kabla hatujafika.

Baba Wawira ndiye mwenye chumba ninachokaa. Mimi ni mtu wa Bungoma, na kwa miaka minne hapa ni yeye tu aliyewahi kuniuliza watoto wangu wanaendeleaje.

Kwenye kioo cha lori nina kamera. Niliinunua mwenyewe, mtumba, baada ya kusingiziwa kwamba nimeua ng'ombe wa mtu. Siku hiyo iliona kila kitu. Nilitazama kwenye kioo chake kidogo nikaiona nambari ya lile gari, wazi kabisa.

Sikuiandika.

Kwa nini niandike kitu ambacho mashine imeshaandika?

Jioni hiyo, watu walipokusanyika nyumbani kwa marehemu kupanga mazishi, nilisimama nikasema nambari ninayo. Nikairekodi ile video kwa simu, nikaituma kwenye grupu ya mazishi. Kwa simu nambari ilionekana kama doa tu, lakini niliwaambia wasijali, yenyewe iko kwa kadi ya kamera. Mama Wawira alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jumapili nikapeleka kadi kituo cha polisi. Wakasema anayeshughulikia ajali yuko likizo, nirudi Jumatano, niitunze vizuri.

Nikaitunza mahali nilipoona ni salama kuliko kote. Niliirudisha ndani ya kamera. Jumatatu nikaenda kazi. Jumanne pia.

Jana afisa aliiweka kwenye kompyuta, akatazama kwa muda mrefu.

"Dereva, hapa naona mbuzi."

"Endelea mbele, afande."

"Mbuzi tena. Kiwanda. Hapa ni wewe unaimba, na unaimba vibaya."

Mwenzake akacheka. Yeye hakucheka. Alinieleza pole pole kwamba kadi ikijaa, kamera hufuta ya zamani na kurekodi juu yake. Kuna kitufe chenye picha ya kufuli, ukikibonyeza video haifutiki. Kitufe hicho nakiona kila siku. Nilidhani ni cha kuzuia wezi.

Akaniuliza kama naikumbuka nambari. Nakumbuka iliishia na T. Hata hiyo siwezi kuapa.

Niliacha shule darasa la sita, lakini kuandika herufi nne na tarakimu tatu kwenye kiganja ningeweza.

Leo kwenye grupu wameanza kutaja watu wenye magari meupe. Mmoja ni mwalimu wa hapa karibu. Mtu akaandika, "Tusubiri. Dereva atathibitisha." Nimeisoma mara tano bila kujibu.

Jioni Mama Wawira ameniletea mukimo wa viazi na mahindi kwenye bakuli lililofunikwa, kama alivyokuwa akifanya mumewe akiwa hai. Nyumba yake imejaa waombolezaji na bado amenikumbuka mimi.

"Baba Nekesa," akaniambia, "kesho twende wote kituoni. Tunamzika Jumamosi. Nataka nikiwa pale kaburini niwe nimeiona hiyo nambari."

Nikamwambia sawa.

Bakuli liko mezani, sijalifunua. Asubuhi lazima nilirudishe. Sijui nitalirudisha kwanza ndipo nimwambie, au nitamwambia nikiwa bado nimelishika.