Gia ya Plastiki na Mbuzi wa Mzee Parmuat

Kwako Shangazi Mukai,

Nisaidie kabla mtu hajaumia. Niko na kibanda hapa Kitengela ambapo nachapisha vipuri vya plastiki kwa mashine inayoendeshwa na kompyuta, ile inayopanga plastiki moto tabaka juu ya tabaka, na mwaka jana Mzee Parmuat wa kule Kajiado aliniletea gia iliyovunjika ya mashine yake ya kukata nyasi za ng'ombe, nikamchapishia nyingine, nikaijaribu kwa kuining'inizia ndoo ya mawe na haikuvunjika, naye akafurahi akanipa mbuzi, na tangu hapo, kwa desturi ya Wamaasai, hatuitani majina, tunaitana Pakine, watu waliopeana mbuzi. Sasa juzi nilienda kumsalimia nikaona meno ya gia yamelika hadi yamekonda, rola inazozungusha kuvuta nyasi ndani zinateleza, na Nalotuesha, mke wa mwanawe, anazisukuma nyasi kwa mkono kuelekea kwenye visu. Nilipomuuliza akasema, "Ikigoma namalizia tu na mkono." Mzee naye anawaambia wageni, "Hii ni kazi ya Pakine wangu, haiwezi haribika." Nikanywa chai, nikaondoka. Naona aibu. Nikimwambia gia yangu haifai, si ni kama kumrudishia mbuzi wake?

Mbugua, Kitengela

Mbugua,

Aibu yako naielewa. Chai uliyokunywa huku vidole vya mtu vikikaribia visu, hiyo siielewi.

Ndoo ya mawe ilikuonyesha gia itabeba uzito gani. Haikukuonyesha itasuguliwa mpaka lini. Kajiado ni vumbi, na meno ya plastiki yakisagana na vumbi kila siku yataisha tu, hata yasipovunjika. Hilo ni la kujua wewe, si Nalotuesha.

Na usijidanganye kwamba utachapisha nyingine nene zaidi. Vipimo unavyo kwenye kompyuta. Mpelekee fundi wa chuma akuchongee gia ya chuma. Usimpelekee iliyolika, ataiga ubovu. Mpaka iwe tayari, nyasi zikatwe kwa panga.

Kuhusu mbuzi, Mzee hakununua gia, alikufanya mtu wake. Mteja unaweza kumficha ukweli ukapona. Pakine ukimficha, hapo ndipo unamrudishia mbuzi.

Weka gazeti chini upige simu. Usimzungushe kama ulivyonizungusha mimi. Mwambie, "Pakine, zima mashine."