Maji Safi Niliyoyafurahia

Botini, Kirando,
14 Juni 2024

Mpendwa Baba Mdogo Eustaki,

Shikamoo. Mgongo wako umepoa? Najua Milanzi sasa ni baridi ya kuvaa makoti mawili. Huku ziwani ni joto, ila mwili wangu mzima, namshukuru Mungu.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningekuficha.

Unajua nilipangiwa ukarani kwenye boti hii ya chanjo. Jumanne sinki la jikoni na choo viliziba pamoja, uchafu ukaanza kupanda. Fundi wetu, Masanja, alikuwa ameshuka sokoni. Nikajiona mwanafunzi wako wa ufundi bomba: nikachukua spana, nikatega ndoo, nikafungua bomba chini ya sakafu kama ulivyonifundisha.

Yakatoka maji meusi, kisha safi, ya baridi. Baba Mdogo, nilifurahi! Nikajua limezibuka. Lakini hayakukoma. Kwetu maji machafu hushuka tu. Sikuwaza kwamba hapa bomba linatokea chini ya maji, na lililokuwa linaingia ni ziwa lenyewe. Nikakimbilia ndoo nyingine.

Niliporudi, mpishi wetu, Dada Kalista, alikuwa amepiga magoti majini, ameshakizungusha kishikio cha kufungia bomba upande wa ziwani. Maji yakakatika. Papo hapo nahodha akashuka, akaona spana miguuni pake.

"Kalista, unatuzamisha? Tukifika Kipili unashuka na mizigo yako!"

Kalista aliniangalia. Nilikuwa nimesimama na ndoo yangu. Nikainama, nikaanza kuchota maji sakafuni.

Jioni nahodha akaniagiza niandike barua ya kumwondoa. Niliandika jina lake mara mbili, nikachana. Mara ya tatu niliandika kwamba aliyefungua ni mimi, aliyefunga ni Kalista. Nilimkabidhi nahodha karatasi hiyo.

Jana tulizibua vizuri. Kalista alishikilia kile kishikio kisifunguke, mimi na Masanja tukavuta kwa waya: magamba ya samaki, mafuta yaliyoganda, na kitambaa kizima cha kufutia vyombo. Nikamuuliza Kalista kwa nini hakujitetea.

"Mpishi na karani, angemwamini nani? Nilikuwa nakusubiri wewe," akasema. Kisha akacheka. "Ila ulichelewa, mdogo wangu. Nilishaanza kufunga mizigo."

Hilo la kuchelewa ndilo linaloninyima usingizi, kuliko hata wito wa Jumatatu wa kwenda kujieleza ofisini kule Namanyere. Kalista amebaki, mimi sijui kama nitarudi na kazi. Tafadhali Mama asijue bado.

Akija mwanafunzi mwingine kwako, mfundishe aulize kwanza bomba linatokea wapi.

Nisalimie Mama Mdogo Mariana na mdogo wangu Adolfu. Mungu aulinde mlango wenu, na Jumatatu mniombee nisimeze maneno tena.

Mwanao akupendaye,
Salome