Maelezo juu ya Bia Iliyoonjwa Nguba

Kituo kidogo cha polisi, komini ya Ibanda, Bukavu
Tarehe 15 mwezi wa sita 2023, muchana
Mbele ya OPJ (ofisa wa polisi wa upelelezi) Guylain Cirhuza

Jina: ZAGABE Déogratias
Umri: Karti inasema miaka 74. Mimi nasema 76. OPJ ameandika ya karti.
Kazi: Zamani dereva wa kamyo, nikibeba mihogo toka Luvungi. Sasa nakaa.
Makao: Nguba, njia inayoshuka ziwani, jirani na Maman Euphrasie.

Nimekuja mwenyewe kwa miguu yangu. Hakuna mutu aliyenivuta kwa mukanda. Nimekuja juu ya Maman Euphrasie, mujane, jirani yangu, ambaye tangu tarehe 13 amefungwa nyuma ya ukuta huu. Nikinyamaza kidogo namusikia akikohoa. Wanasema aliua muzungu kwa karuho, ile sumu ya kwetu inayotiwa ndani ya kinywaji. Mimi nasema hakuua. Na kama nasema uongo munifunge pamoja naye, anapika muzuri.

OPJ ameniambia nianze mwanzo. Sawa.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, radio ilisema bomu imepasua basi ya watalii, mbali na huku. Watu wa nchi fulani walikufa, pamoja na watoto wa masomo. OPJ ameniomba nisitaje nchi, basi sitaji, hata kama yeye na mimi tunaijua. Mukubwa wa nchi ile alisema kwenye radio: "Waliofanya hivi, tutawakuta hata wakijificha chini ya mawe." Nilimuambia binti yangu Agathe: huyu anasema kama mutu ambaye ameisha kununua tiketi.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huu, mugeni mumoja akapanga nyumba iliyo chini ya parcelle, kiwanja cha Maman Euphrasie, karibu na maji. Alisema anaitwa Jacques. Mtaani tulimuita muzungu, juu kwetu kila mutu anayekuja na sanduku ya magurudumu ni muzungu. Alisema ananunua kahawa. Sikumuona na kahawa hata ya kikombe. Akikaa, mugongo wake kwa ukuta. Ukitoa simu kupiga picha, yeye anakumbuka kitu ndani ya nyumba. Alikula mayai ya kuchemsha na ndizi, vitu mutu anaondoa maganda mwenyewe.

Nikamuuliza: "Monsieur Jacques, ni bibi gani alikutisha hivi?"

Akacheka na meno tu.

Maman Euphrasie njo alimufundisha kula kama mutu. Anapika kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na kila mara alimupelekea kikopo. Kwa desturi ya kwetu, anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele ya macho yako. Chupa inafunguliwa mbele yako. Bila hivyo, hata kama ni ndugu wa tumbo moja, unasema asante, leo tumbo inanisumbua. Jacques aliipenda sana desturi hii. Alisema ni desturi ya watu wenye akili. Mimi nikasema ni desturi ya watu wenye majirani.

Mwezi wa tatu, radio ikasema kuna mutu ameanguka kutoka balcon, mu muji mwingine wa mbali, na kwamba mutu huyo alikuwa wa pili kufa kati ya watatu waliotafutwa juu ya ile basi. Jacques alikuwa kwangu siku ile. Alizima radio yangu bila kuniomba. Kesho yake fundi akaja kubadilisha kufuli za nyumba yake, zote. Mimi niliona, nikanyamaza. Muzee akisema kila anachoona, watu wanaacha kumutembelea.

Mwezi wa tano, wageni wengine wawili wakapanga etaji, ghorofa ya juu ya nyumba inayotazamana na ya Jacques. Bwana alisema anaitwa Ulrich, bibi Larissa. Walisema wanajifunza ndege, na kwamba kazi yao iko Lwiro, kwenye kituo kile cha wanasayansi. Walikuwa na jumelles kubwa, darubini ya macho mawili. Siku moja ndege alitua kwenye ukuta wangu, nikamuuliza Ulrich: "Huyu kwenu anaitwa nani?"

Akatazama sana. Akasema: "Ndege."

Nikasema asante, leo nimejifunza.

Nilikuwa nikiwaona jioni, wako kwenye balcon na jumelles. Miti iko upande wa ziwa. Jumelles ziliangalia upande wa mulango wa Jacques na wa Maman Euphrasie. Nilifikiri labda wanapenda kasiksi. Sasa nafikiri walikuwa wanajifunza kweli. Hawakujifunza ndege. Walijifunza namna sisi tunavyokunywa.

Nakuja kwa siku yenyewe.

Mnamo tarehe 11, Siku ya Mungu, Maman Euphrasie alifanya sherehe juu mujukuu wake Joviale amepokea komunyo ya kwanza. OPJ ananiuliza ilikuwa saa ngapi. Misa ya pili ilikuwa imetoka, na mbuzi alikuwa hajaiva bado. Andika hivyo.

Hapa kuna jambo ambalo Agathe atasoma, na atanikasirikia. Binti yangu ni infirmière, muuguzi wa hospitali. Niko na sukari mu damu, na amenikataza pombe yote. Siku ile alikaa kati ya wageni, macho yake kama polisi, usikasirike OPJ. Basi mimi nilipitia nyuma ya jikoni. Maman Euphrasie alikuwa anamimina kasiksi kutoka bidon ya njano kwenda kwenye kikopo cha Jacques. Nikamuambia: "Maman, unipe kazi leo. Nitakuonjea."

Akasema: "Wewe muzee, kuonja kwako ni kumaliza."

Nikachukua kile kikopo cha Jacques chenyewe. Nikanywa nusu. Akanipiga kwa kitambaa, akajaza tena kutoka bidon ile ile, nikanywa tena kidogo kuhakikisha. Ndiyo sababu alipotoka mbele ya watu alimupa Jacques bila kuonja. Aliona kazi imeisha kufanyika. Alisema tu: "Imeonjwa." Watu wote waliona ametoa bila kuonja. Hakuna aliyeniona mimi, juu nilijificha, na najua kujificha. Jacques alimutazama kidogo, akakumbuka anamujua, akanywa.

Basi OPJ, kama sumu ilikuwa mu kasiksi, ungekuwa unaandika juu yangu na si pamoja nami. Uniguse mukono. Iko ya moto.

Kisha Ulrich na Larissa wakaingia. Walileta zawadi ya mutoto, na chupa moja ya bia imevikwa kitambaa cheupe kama maiti. Ulrich akamukumbatia Jacques kama wanajuana. Akasema: "Jirani, tunakaa mulango kwa mulango, hatujakunywa pamoja hata siku moja!" Chupa ilikuwa imeisha kufunguliwa. Nikichungulia toka nyuma ya jikoni, nilimuona Jacques akirudisha mukono.

Larissa akacheka. Akasema kwa Kiswahili, kile chake cha kuvunjika: "Ha, pole! Hapa lazima kuonja." Akachukua chupa, akaiweka kwenye midomo, akainua kichwa, akapangusa mudomo, akamupa. Watu walipiga makofi. Walisema, ona, wazungu wamejua mambo yetu! Jacques naye akacheka, mara hii kwa tumbo. Akanywa karibu yote.

Sasa andika hii polepole, mwanangu. Sisi tuliokua Kabare, mutu akituonjea hatuangalii midomo. Midomo ni mulango tu, mutu anaweza kusimama mulangoni bila kuingia. Tunaangalia koo. Bibi yangu marehemu, wakati wa uchumba, aliangalia koo yangu mpaka nikapaliwa. Jacques alijifunza nusu ya desturi. Aliangalia midomo.

Mimi niliangalia koo ya Larissa. Haikutembea.

OPJ ananiuliza kwa nini sikupiga kelele. Niko nyuma ya jikoni, kasiksi mu kinywa, na Agathe iko hatua chache mbele yangu. Na nilijisemea: huyu maman bia inamushinda, anafanya adabu tu. Uovu ukivaa adabu, unapita mbele ya muzee kama mimi na anausalimia. Hilo linanisumbua tangu siku ile.

Jambo lingine. Walipoondoka, Larissa alibeba ile chupa tupu. Mimi nimeishi Bukavu miaka yote hii, sijaona mugeni wa sherehe anabeba chupa tupu kwenda nayo. Hata Blanchard, mulevi wetu, anaiacha.

Tarehe 12, asubuhi, mulinzi wa Jacques, anayeitwa Télesphore, alikuja akinigongea. Akasema: "Papa Zagabe, patron haamuki." Tulimukuta kwenye kiti, mugongo kwa ukuta, kama desturi yake. Kufuli zote mupya zilikuwa zimefungwa kutoka ndani, tulivunja mulango kuingia. Munganga alikuja, akasema ni moyo. Nikamuuliza moyo ya nani. Akaniambia nitoke.

Ile etaji ya watu wa ndege ilikuwa wazi, hakuna hata kitambaa. Walimuambia mwenye nyumba wanaenda Lwiro. Niko na mutu wa ukoo Lwiro, anaitwa Ignace, anafagia kwenye kile kituo. Nilimupigia simu. Akasema hajasikia majina hayo, na wanaojifunza ndege anawajua wote juu wanamuchafulia viatu kwenye ngazi.

Jioni ya siku ile mtaa ulianza kusema karuho. Tarehe 13, vijana walikuja na petroli mbele ya mulango wa Maman Euphrasie. Watoto ambao amewalisha, OPJ. Joviale alikuwa ndani na robe yake nyeupe ya komunyo, hakutaka kuivua. Polisi walipomuchukua Maman, nilisema asante, na bado nasema asante. Lakini kumuficha mutu ni jambo moja, kumuandikia kwamba ameua ni jambo lingine.

Jana radio imesema Jacques hakuwa Jacques. Alikuwa na jina lingine, na alikuwa wa tatu na wa mwisho aliyetafutwa juu ya ile basi. Mutu mumoja wa serikali yao aliulizwa kama wao njo walimuua. Akasema: "Hatujui kitu. Lakini hatutamulilia." Kama Jacques aliua wale watoto, mimi pia simulilii. Walio na kisasi wawe nacho. Lakini wakibebeshe mabega yao, wasimubebeshe mujane wa Nguba aliyejua tu kupika ndizi.

Sasa OPJ anataka kumaliza. Mimi sijamaliza.

Humu ndani kuna bwana wa tatu. Amekaa karibu na dirisha tangu nilipoanza. Ana miwani na shati ya kupigwa pasi sana. Hajasema jina lake. Mukubwa wa kituo alimuleta, akasema ametoka kwa coopération, wale wa misaada ya nchi za nje, anatusaidia. Hajaandika kitu. Nilipofika kwa koo ya Larissa, alisema: "Hiyo ni maoni ya mutu, si ushahidi. Iondolewe." OPJ aliinua kalamu. Nikasema: "Mwanangu, andika koo, ao nirudi nyumbani." OPJ akaandika.

Kisha huyu bwana akawa mwema. Akasema muzee amechoka, joto ni kali. Akatoka mwenyewe, akarudi na Fanta mbili, moja ya OPJ na moja yangu. Ya OPJ ilikuwa na kifuniko. Yangu ilikuwa imeisha kufunguliwa.

Nikasema: "Niko na sukari, binti yangu amekataza."

Akasema: "Kidogo tu, papa. Agathe hatajua."

Sikuwa nimemuambia yeye jina la binti yangu. OPJ anasema nililitaja ndani ya maelezo. Kweli, nililitaja. Lakini nimeona alivyolishika haraka.

Nikamuambia: "Basi kwetu ni hivi. Uonje kwanza, mukubwa."

Akacheka. Akasema sisi watu wa Bukavu tuna woga mwingi. Akachukua chupa, akaiweka kwenye midomo, akainua kichwa, akapangusa mudomo, akaniwekea mezani mbele yangu.

Mimi niliangalia. OPJ naye aliangalia, nilimuona. Sisemi niliona nini, juu bwana huyu atasema ni maoni ya muzee. OPJ yuko na macho ya miaka thelathini. Aandike yeye.

Haya njo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyanywa. Nimesomewa, nimekubali, isipokuwa ule umri. Ninaomba Maman Euphrasie alale kwake leo.

Sahihi: ZAGABE (na kidole gumba, juu kalamu ya kituo imekauka)

Maandishi ya OPJ: Maelezo haya yameandikwa kama shahidi alivyosema. Wakati wa kusomewa, bwana aliyekaa dirishani alitoka kupokea simu na hakurudi. Mukubwa wa kituo anasema hakumbuki jina lake. Fanta ya shahidi haikunywewa. Nimeifunga kwa plastiki na cire, nta ya muhuri, mbele yake na mbele ya binti yake Agathe aliyekuja kumuchukua, ipelekwe kupimwa. Yangu pia sikuifungua. Nimeandikia parquet, ofisi ya waendesha mashtaka, leo hii kuomba Maman Euphrasie aachiliwe na mtaa ulindwe.

Kwa swali ambalo shahidi aliniachia, najibu chini ya kiapo: niliangalia koo ya bwana huyo. Haikutembea.

OPJ Guylain Cirhuza