Waya mwekundu butini

Jumamosi, baada ya magharibi

Sijamwambia mtu: ni mimi niliyechomoa boksi la sabufa la Kaka Salimu ili magunia ya machungwa yaenee butini mwa gari la Baba. Waya wake mwekundu utokao kwenye betri nikauacha wazi, bila hata kuuzungushia tepu.

Tulipofika Usagara ukagusa chuma. Cheche, moshi!

Baba akafoka, "Nani kauacha waya huu wazi?"

Kaka akanitazama, kisha akasema, "Mimi, Baba."

"Lete ufunguo. Gari hili hulishiki tena!"

Na kesho Kaka ndiye wa kumpeleka rafiki yake Mwera kwa gari hilo, kuoa. Kaka!

Nasikia kandambili za Baba mlangoni. Leo sifichi daftari. Nimeandika kwa herufi kubwa, asome hata bila miwani:

NI MIMI, BABA.