Kioo Kilichopinda na Njia ya Maungu

Mpendwa Mama Wakesho,

Mkamburi wangu, leo nakuita kwa jina lako kwa sababu humu ndani hakuna mgeni wa kunisikia. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, na wewe wajua mwandiko wangu: kuku akiparura, yeye husomeka vizuri zaidi. Darasa la saba si mchezo. Lakini nimesoma lami, na lami ina kurasa nyingi kuliko vitabu vya walimu wote wa Voi wakikusanywa pamoja.

Habari kubwa ni kwamba nimenunua kioo. Si cha kujitazama, ingawa uso huu ungestahili. Ni monita ya kompyuta, zile za vijana wa kucheza gemu, ndefu kama benchi la kanisani na imepinda kama kioo cha mbele cha lori. Bei sitakuandikia, usije ukafufuka kabla ya siku yake.

Mombasa monita ziko nyingi, na Mombasa ni karibu. Lakini njia ya Mombasa inapita Maungu, na Maungu nilikuwa sijakanyaga tangu tukuzike. Wengine wanadhani ni magoti, nami nimewaacha wadhani. Kwa hivyo niliagiza Nairobi na Kilonzo ndiye aliyeibeba. Unamkumbuka Kilonzo, tanboi wangu, msaidizi wangu wa lori, yule Mkamba uliyekuwa ukimwongezea chapati ukifikiri sioni. Siku hizi ni dereva kamili, ana kitambi na ana tanboi wake wa kumfokea. Aliilaza kwenye kitanda cha kabini, akaifunika blanketi yake mwenyewe, na alipofika hapa Mwanyambo akaniambia, "Bosi, tangu Mtito nimeendesha kama nimebeba mama mjamzito. Kila tuta nimeliamkia."

Tulipoitoa kwenye boksi, jirani yako Mama Samba alikuwa ameshafika. Yule mama harufu ya plastiki mpya humwamsha usingizini. Akaizunguka, akainama, akafumba jicho moja kama fundi wa milango.

"Shemeji, pole sana," akasema. "Wamekuuzia iliyopinda. Rudisha upesi kabla risiti haijafutika."

Nikamwambia, "Mama Samba, wewe hujatembea. Duniani kila kizuri kimepinda. Ndizi imepinda, upinde wa mvua umepinda, na marehemu akitoka kisimani nyuma kulikuwa kumepinda hivyo hivyo."

Akanipiga na kanga. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akajifunga kanga upya, maana tulikuwa tumekutaja.

Shida ya kwanza ilikuwa vitambaa vyako. Wewe hukuacha kitu uchi katika nyumba hii. Radio ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa, hata ile mashine ya cherehani iliyokufa uliivalisha ukasema hata maiti huvikwa. Basi nikachukua kile cha samawati chenye maua, nikakitandika juu ya monita. Kikateleza nyuma. Nikakirudisha, kikateleza tena. Ule ukingo ni mwembamba kama ukucha, na umepinda, hauna pa kukalia. Nikakibana kwa vibanio vya nguo. Fundi aliyekuja kuunganisha waya akasema, "Mzee, hiyo inapumulia huko nyuma, utaichemsha." Nikamwambia akae kimya, nyumba ina mwenyewe. Alipoondoka nikakitoa. Ni kitu cha kwanza kuingia humu ambacho hukukipimia vazi, na kila nikikiona kiko wazi namna ile naona haya, kama nimekaribisha mgeni bila kumpa kiti.

Shida ya pili niliijua Alhamisi, ushirika ulipokuja kuomba hapa kwetu. Baada ya amina, wazee wakataka kuona hicho kitu kinachosemwa mji mzima. Nikawasha. Waliokaa katikati wakasema, "Aisee!" Waliokaa pembeni wakasema rangi zimefifia. Wakaanza kusukumana kwa upole wa kikristo, huyu anasogea, yule anasogea, mwisho mzee wa kanisa akabaki na nusu ya makalio kwenye kiti. Ndipo nikaelewa. Televisheni hutengenezwa kwa ajili ya nyumba. Kitu hiki kimetengenezwa kwa mtu mmoja. Ukikaa katikati kinakukumbatia huku na huku, ukikaa pembeni kinakunyima.

Basi nimefanya hivi. Kiti changu nimekisogeza kulia kidogo, upande wa dereva, na kile kigoda chako nimekiweka kushoto. Sisi wawili sote tunaona vibaya kidogo. Afadhali hivyo.

Gemu yenyewe si ya kupigana risasi. Ni ya kuendesha lori. Najua ungesema nini. Ungesema ni kama mpishi atoke jikoni, aoge, avae vizuri, kisha aende kupumzika kwa kutazama picha za ugali. Lakini nimenunua na usukani na pedali, na nikikaa pale, Mkamburi, kile kioo kinanizunguka mpaka sioni ukuta, sioni kalenda, sioni ile picha yako ya kitambulisho tuliyoikuza. Naona barabara tu. Nimepeleka mbao Ujerumani. Nimepeleka samaki Polandi, na hawakuoza. Uingereza ndiko ninakopenda zaidi, kwa sababu wanashika kushoto kama watu waliolelewa. Mimi niliyelala Goma juu ya magunia ya kahawa, mimi niliyeomba maji kwa Kiswahili cha kwao huko Lubumbashi nikapewa na mchumba, sasa Ulaya yote naijua, na sijapanda ndege.

Yule mchumba nilikutajia siku ile ya kwanza, wakumbuka? Nilisimamisha gari Maungu, nikaingia hotelini kwako kifua mbele, nikaanza kuhubiri Kongo kwa sauti ili yule msichana wa kijijini Marungu aliyekuwa akikanda unga anisikie. Hukuinua kichwa. Uliniacha mpaka nikamaliza mito yote na milima yote, halafu ukasema, "Umefika Lubumbashi, lakini birika la kunawia hapo nyuma yako hujalifikia." Hoteli nzima ikaangua kicheko. Nilinawa. Nilinawa mpaka viwiko. Na kutoka siku hiyo kila safari gari langu lilikuwa na ugonjwa wa kuharibika Maungu. Tajiri akaniuliza, "Wewe, kwani Maungu kuna sumaku?" Nikamjibu, "Iko, tajiri, na inapika chapati."

Safari zote hizo, kwenda na kurudi, miaka yote hiyo, nilikuwa nikikiona kile kilima cha Maungu kikichomoza mbele ya kioo, na moyo unatangulia kufika kabla ya magurudumu.

Kisha ukaanguka. Mbele ya jiko lako, mchana, wateja wamejaa. Mimi nilikuwa Malaba kwenye foleni ya mpaka. Kutoka Malaba hadi Voi ni nchi nzima, Mkamburi, na niliivuka nchi nzima nikijua umeshakwenda. Baada ya kukulaza Sagalla nilijaribu kurudi kazini. Niliteremka na gari tupu kwenda kupakia Mombasa. Kilima kilipojitokeza tu, mguu wangu wa kulia ukakataa. Mimi, niliyeteremka Salgaa kwenye mvua na breki za kukopa! Nikaegesha kando, nikampigia Kilonzo aje achukue gari. Nikarudi nyumbani, na sijashika lori la chuma tena.

Wakesho aliifungua tena hoteli yako. Hilo ndilo linaloniuma na kunifurahisha kwa mpigo. Amepaka rangi, ameajiri wasichana wawili, na kila wiki hunipigia simu. "Baba, utakuja lini uone?"

"Magoti, mama."

"Magoti gani, baba? Hayo yanayokanyaga pedali kutwa nzima? Mama Samba ameniambia uko Ulaya kuanzia chai ya asubuhi."

"Ulaya ni tambarare, mama."

Safari moja hakucheka. Akasema, "Baba, mimi huingia mle jikoni kila siku. Kila siku. Nikiwa peke yangu." Akakata simu. Nilikaa na ile simu sikioni kama mtu anayesubiri iombe radhi kwa niaba yangu.

Sasa sikiliza. Kuna vijana, sijui wa wapi, wametengeneza barabara yetu wakaitia ndani ya ile gemu. Fundi alikuja kuniwekea. Mwanzoni nilikuwa nikitoka Voi naelekea juu tu, Mtito, Kibwezi, Emali. Kila siku juu. Lakini juzi, baada ya chakula cha mchana, jua la Voi likiwa linakaanga mabati, nikageuza usukani kuelekea Maungu. Nikasema, kwenye kioo hakuna anayekufa. Twende.

Mkamburi, kilima wamekiweka. Kimekaa mahali pake. Moyo ukapiga vilevile kama zamani, mpumbavu huyu, ukatangulia. Nikapunguza mwendo, nikaingia kando ya barabara pale pale ninapopajua, nikavuta breki ya mkono. Kuna kituo cha mafuta. Kuna nyumba mbili, halafu zile zile mbili tena, na mti mmoja waliounakili kama karatasi. Kwenye hoteli yako kuna kichaka. Nikapiga honi. Nikasubiri. Nikapiga tena.

Hakuna aliyekuja. Maungu gani hiyo? Lori linasimama na hakuna mtu anayekimbia na beseni kichwani, hakuna anayesema "Dere, mayai! Dere, maji baridi!", hakuna mbuzi, hakuna mtu wa kukutukana umeziba njia. Mama mmoja wa gauni la kijani alikuwa akitembea taratibu akiuelekea ukuta. Akaufikia, akaendelea kutembea papo hapo, miguu inakwenda na mwili haufiki popote. Nilimtazama kwa muda mrefu. Nikaona ni mimi yule, kasoro gauni.

Nikazima. Nikatafuta viatu.

Kilonzo alikuwa amelaza gari hapa Voi, akipanga aje nimpe chai. Nikamwambia chai tutainywa Maungu. Alinitazama, akanifungulia mlango wa kushoto. Ndio mara ya kwanza maishani mwangu napanda lori upande wa abiria. Tulipopita njia ya Ndara akalipita trela moja kwa ubishi, nikasikia mguu wangu unakanyaga sakafu, kutafuta breki isiyokuwepo. Ndipo ikanijia ile safari nilipokupeleka Kampala. Ulikanyaga sakafu kutoka Voi hadi Busia, ukafika kisigino kimevimba, na mimi nikakucheka njia nzima. "Endesha wewe," ukaniambia, "mimi kazi yangu ni kusimamisha." Nilidhani ulikuwa unaogopa. Nilipokaa pale kushoto nikajua si woga tu. Kiti kile kinakuachia kupenda bila usukani.

Kilima kikachomoza. Kilonzo akaanza kupiga mluzi ili asinitazame. Akaegesha. Nikakaa kidogo. Kisha mguu ukashuka, na wa pili ukaufuata.

Wakesho alikuwa amebeba sahani nne mkono mmoja. Aliponiona hakudondosha hata moja, mtoto wako huyo. Akasema, "Karibu baba. Pita ndani, huko mlangoni unazibia watu." Sauti ndiyo ilidondoka kidogo.

Nikapita moja kwa moja hadi jikoni. Nikatazama pale mbele ya jiko. Ni sakafu, Mkamburi. Simiti, maji kidogo, ganda la kitunguu. Wakesho alikuja akasimama karibu nami, bega kwa bega. Nje mtu akaita, "Madam, chai yangu imeenda kuchumwa Kericho?" Naye akafuta uso kwa kiganja akajibu kwa nguvu, "Wewe kunywa maji kwanza, ulivyokauka chai itapotea!"

Nilikula. Nilimkuta kijana mmoja mezani anadanganya wenzake kuhusu Kigali, anasema ni tambarare. Sikuweza kuvumilia. Nilimnyoosha, nikampandisha vilima vyote vya Rwanda kimoja kimoja, wakajaa kunisikiliza, na katikati ya hadithi nikageuka upande wa jiko kuona kama unanikunjia uso. Hukuwepo. Nikaendelea na hadithi. Inawezekana, nimeona. Inauma, na inawezekana.

Kwa kioo changu usiwe na wivu. Bado nakipenda, na Uingereza wananitegemea. Lakini kule nilikuwa nakutafuta mahali palipo kimya, na wewe hukuwahi kukaa kimya hata dakika moja.

Jioni, kabla ya kuondoka, nilimwambia Wakesho huenda nikaja na kesho, kama magoti yataniruhusu. Alikuwa analoweka maharagwe ya siku inayofuata. Akarudisha mkono kwenye gunia, akachota konzi moja zaidi, akaitia majini.

Lala salama, msichana wa Marungu.

Ni mimi dereva wako, mumeo,
Baba Wakesho