Kila Nikibinuka Naangukia Kwenye Migomba

Ndugu Mshauri,

Naomba unisaidie, lakini nitangulize shukrani, maana katika jambo hili kila mtu amenitendea wema na ni mimi peke yangu ninayeanguka. Niliolewa hapa Masukulu mwaka juzi, na kijiji chetu cha ujamaa kilipoanzisha kikundi cha sarakasi mume wangu Anosisye akasema nenda, na Ndugu Mrisho, fundi cherehani kutoka pwani aliyejifunza mambo haya Dar es Salaam ujanani, akatufundisha bila kutaka hata sahani ya wali, na suruali ya mazoezi akanishonea mwenyewe, inafika chini ya magoti ili wazee wasiseme, na tulipokosa uwanja baba mkwe wangu, Mzee Andongwisye, akatupa malisho yaliyo kando ya nyumba yake, ng'ombe akawahamishia bondeni, nasi tukajaza magunia majani makavu ya migomba yakawa godoro.

Sasa kuna mbinuko ambao mtu anakimbia, anaweka mikono chini, miguu inapita juu, anatua wima. Wenzangu wanatua. Mimi miguu ikifika juu inakwenda kushoto, naangukia nje ya godoro kwenye migomba, na mkono umevimba. Mrisho amenirekebisha vidole, viwiko, mbio, hata pumzi. "Tuli, unapinda kama barabara ya Kiwira," anasema, wenzangu wanacheka, nami nacheka maana ni kweli. Rafiki yangu Ikupa akasema, "Dada, labda una mguu mmoja mrefu." Tukapima. Iko sawa.

Mwezi ujao Mrisho atachagua watakaokwenda Mbeya kwa Saba Saba, na alitaka mimi nibinuke wa mwisho. Nimewaza niseme nina mimba nitoke kwa heshima, kwani kuwaangusha watu wema hivi ni aibu, ingawa mimba sina, na mama mkwe anaisubiri kuliko anavyosubiri jua la kuanikia. Lakini sarakasi naipenda, Mshauri. Hata baba mkwe ananisaidia kwa namna yake, maana sisi Wanyakyusa baba mkwe na mkamwana hawaonani, basi nikifika uwanjani anakohoa kwanza pale barazani, kulia kwetu tunapokimbia, nijue yupo, ndipo anaingia ndani. Mtu kama huyo nitamwambia nini? Nifanyeje?

Tulinagwe, Masukulu, Rungwe

JIBU

Ndugu Tulinagwe,

Pole kwa mkono. Sasa kaa nikugombeze kidogo.

Habari kubwa umeiweka mwisho, kama mgeni anayesema alichojia akiwa mlangoni. Baraza iko kulia. Unaangukia kushoto. Tangu uolewe, ukisikia kikohozi kile unageuza uso na kutafuta njia nyingine. Adabu hiyo imekaa shingoni, na shingo haijui kwamba safari hii miguu iko juu. Kichwa kikigeuka bega linafuata, kiuno kinafuata bega, nawe unakwenda kusalimia migomba. Mzee kaingia ndani, sawa, lakini mlango haukuingia naye.

Ndugu Mrisho, mtu wa pwani, hakuna aliyemweleza desturi yenu, ndiyo maana anatengeneza viwiko ambavyo havikuharibika. Mweleze. Hiyo si siri, ni kama kumweleza daktari ugonjwa.

Sikuambii uache heshima. Wala usithubutu kumwomba mzee ahame barazani kwake. Na lile la mimba limeze. Mama mkwe ataanza kuhesabu miezi siku hiyo hiyo, nawe utatafuta mahali pa kubinukia usipaone.

Fanya hivi. Kwanza uvimbe uishe. Kisha hamisheni godoro nyuma ya ghala la kijiji, pasipo na baraza ya mtu. Anza kwa kusimama kwa mikono, miguu ikiegemea ukuta, macho yakitazama chini katikati ya mikono. Ukizoea, chora mstari wa majivu, uweke mkono mmoja kila upande wake, kaza viwiko, sukuma ardhi kwa mabega, na macho yasiuache mstari mpaka miguu imepita. Polepole kwanza, mbio baadaye. Ukinyooka, rudini malishoni, ila geuzeni godoro mkimbie mkiipa nyumba kisogo. Kwingine kumpa mkwe kisogo ni tusi. Kwenu ni heshima, basi itumie.

Shukrani ulizoniandikia si zangu, mimi sikutoa malisho. Mpe mama mkwe azifikishe kwa mzee, neno moja tu, *ndaga*, atashiba.

Na kama siku ya kuchaguliwa mkono bado unauma, sema unauma, ukae pembeni umpigie makofi Ikupa. Watu hao hawakukutendea wema ili uwalipe kwa kuvunjika.

Mshauri